Nataka katazo libaki, na kifungo cha binti kiondoke

Mwanamke wa Tanzania akitoa mimba yake anaweza kufungwa miaka 7. Anayemtoa mimba hiyo, awe daktari, mkunga au mganga wa uchochoroni, miaka 14. Anayempatia dawa au kifaa huku anajua kinaenda kufanya kazi gani, miaka 3. Hivyo ndivyo vifungu vya 151, 150 na 152 vya Kanuni ya Adhabu, kwa namba tulizozizoea, na vimetokana na sheria ya Waingereza. Kanuni hiyo ilianza kutumika Tanganyika mwaka 1945. Waingereza wenyewe walibadilisha ya kwao mwaka 1967. Sisi tumepata uhuru, tumepita kwenye Ujamaa, tumeingia vyama vingi, na vifungu vile vipo palepale.

Mimi ni Mkatoliki wa Moshi, mama, mwana WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, na kwa miaka mingi nimekuwa msaidizi wa kisheria, wale ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilikuja kututambua rasmi. Kazi yangu kubwa ni mirathi na ugomvi wa vihamba, yaani mashamba ya ukoo: kaka kamnyima dada, mjane kafukuzwa na mashemeji, mpaka umesogezwa usiku na masale, mimea ya mpaka, yameng'olewa. Si kazi ya mimba. Lakini ukikaa na watu kwenye benchi la ofisi ya kata, wanachokuja nacho na wanachotaka kusema ni vitu viwili, na cha pili hutoka wenzao wakishaondoka.

Niseme msimamo wangu mapema. Naamini mtoto aliye tumboni ni mtu. Naamini sheria inapaswa kumlinda, na sitaki Bunge lihalalishe kumuua. Na naamini kwamba kifungu cha 151, kile cha kumfunga mwanamke mwenyewe, kimekosea, na kwamba Wakatoliki ndio tuliopaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo kwa sauti.

Mjadala wetu una sauti mbili tu zinazosikika. Upande mmoja wapo wanaoutaka Mkataba wa Maputo, ule wa Afrika wa haki za wanawake, uingie kwenye sheria za nchi kama ulivyo. Upande mwingine tupo sisi, tunaosema sheria ibaki kama ilivyo. Hilo neno letu, "kama ilivyo", limenisumbua muda mrefu, maana wengi tunaolisema hatujawahi kuisoma ilivyo.

Kwanza hili la dini. Mkatoliki akifungua mdomo kwenye mjadala huu, redioni au kijiweni, anaambiwa aache kuleta Biblia kwenye mambo ya serikali. Sawa, niiweke pembeni kwa muda. Kitu kinachoanza mbegu ya baba na yai la mama vikiungana kina vinasaba vyake, si vya mama wala vya baba, na moyo wake unaanza kudunda kabla wanawake wengi hawajajua kwamba wana mimba. Hilo halikuandikwa na Papa, liko kwenye vitabu vya biolojia vya sekondari. Halafu angalia sheria yetu wenyewe. Kanuni ya Adhabu inasema mwanamke aliyetiwa hatiani kwa kosa la kunyongwa, akithibitika ni mjamzito, asihukumiwe kunyongwa. Anapewa kifungo cha maisha. Kwa nini? Yeye ameua. Jaji angemhukumu kama mwingine yeyote. Sheria inasita kwa sababu ya yule wa ndani, ambaye hajaua mtu. Mbunge Mwislamu, hakimu Mlutheri na mzee wangu wa Uru asiyeenda kanisani popote wote wanaielewa hoja hiyo bila kufundishwa katekisimu.

Imani yetu inakuja juu ya hapo, na haikuanza jana. Didake, andiko la Wakristo wa mwanzo kabisa, lilishakataza. Mtaguso wa Pili wa Vatikani ulirudia mwaka 1965, na Papa Yohane Paulo II akaandika waraka mzima, Evangelium Vitae, tarehe 25 Machi 1995. Sina haja ya kuongeza.

Kuna jambo lingine watu wanatusingizia, na baadhi yetu tunalisingizia Kanisa letu wenyewe: kwamba Ukatoliki unasema mama afe ili mtoto aishi. Hapana. Mimba iliyotunga kwenye mrija haiwezi kufika popote, na mrija ukipasuka mama anaweza kufa kwa kuvuja damu ndani ya saa chache. Mrija huo unaondolewa, mtoto anakufa, na Kanisa halimwiti daktari muuaji, kwa sababu alichoondoa ni kiungo kinachomuua mama. Mwenye saratani ya mji wa mimba anatibiwa saratani yake. Tofauti ipo kati ya tiba ambayo mtoto anapotea ndani yake na kitendo ambacho lengo lake ni kumuua mtoto. Sheria ya nchi nayo ina mlango wake: kifungu cha 230 kinamkinga daktari anayefanya upasuaji kwa nia njema na kwa ustadi ili kuokoa maisha ya mama, na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki mwaka 1959 ilifuata hukumu ya Kiingereza ya 1938, kesi ya Bourne, iliyotanua kidogo maana ya maisha mpaka afya. Hapo sheria na Kanisa hazilingani kabisa, na sitajifanya zinalingana. Lakini daktari wa Kilema, Kibosho, Mawenzi au KCMC anayepambana kumwokoa mama anayekufa hana sababu ya kutetemeka mbele ya sheria, wala mbele ya padre.

Sasa nieleze kilichonifanya nikisome kifungu cha 151 mpaka nikikariri.

Mama mmoja alikuja ofisini na hati za kihamba cha marehemu mumewe. Tukaziangalia, tukapanga tarehe ya kikao cha ukoo, watu wakaondoka, yeye akabaki anafungua na kufunga mkoba. Kisha akauliza, bila kunitazama, kama mtu akipelekwa hospitali na ikaonekana alitoa mimba, daktari lazima aite polisi. Binti yake alikuwa nyumbani anavuja damu siku ya tatu. Alikuwa ametumia vidonge vya duka la dawa, na vilipochelewa akaongeza kitu cha mizizi alichopewa na jirani. Walishakwenda kwenye kituo kimoja cha afya, na mtu wa mapokezi akawauliza kama wamepita polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya kupelekea majeruhi hospitali. Wakageuza bodaboda palepale.

Nilimwambia ninachokijua: anayevuja damu anatibiwa kwanza, na huduma baada ya mimba kuharibika ipo kwenye hospitali za serikali na ni halali, haijalishi mimba iliharibikaje. Tukaenda. Homa ilikuwa imeshapanda na tumbo limekuwa gumu kama ubao. Alipona, lakini kizazi kilitolewa. Ana miaka 19.

Aliyempa mimba ni mwanaume mwenye mke na watoto, mfanyabiashara wa mjini. Ndiye aliyetuma hela ya vidonge kwa simu. Hakuitwa na mtu yeyote kuulizwa chochote, na mama yule hakutaka aitwe, kwa sababu kumwita yeye kungekuwa kumtaja binti.

Hapo ndipo penye tatizo la kifungu hiki. Kwenye karatasi sheria inamfikia kila mtu: aliyetoa, aliyeuza dawa, aliyelipa, aliyeshauri. Kifungu cha 22 kinamhesabu mtenda kosa kila aliyesaidia au kushawishi. Ila ushahidi wa kosa hili uko mwilini mwa mmoja tu. Aliyelipa hana damu. Aliyeuza vidonge hana homa. Anayeweza kuwataja wote wawili ni binti, na sheria imemwambia kwamba akifungua mdomo anaanza kwa kukiri kosa la miaka 7. Kwa hiyo ananyamaza. Muuza vidonge anaendelea kuuza, na kwa binti anayefuata atauza vilevile. Sheria tunayoitetea kwa ajili ya mtoto aliye tumboni ndiyo inayomfunga mdomo shahidi pekee wa kifo chake.

Watafiti wa Guttmacher, taasisi ya Marekani, wakishirikiana na taasisi zetu, NIMR na Muhimbili, walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba zipatazo 405,000 zilitolewa Tanzania. Guttmacher wanajulikana kwa kutetea kulegezwa kwa sheria, na hesabu ya jambo la siri ni makadirio. Basi ikate nusu. Ikate tena nusu. Bado ni watoto zaidi ya laki moja kwa mwaka, chini ya sheria ile ile tunayosema ibaki kama ilivyo. Mkatoliki anayesema kila mmoja wao ni mtu hawezi kuitazama namba hiyo akaridhika kwamba kifungu kipo.

Nilipoona sheria ya nchi inavyomtazama yule binti, nikaenda kuona Kanisa linamtazamaje. Nilitegemea kukuta ukali zaidi.

Sheria za Kanisa, kama zilivyorekebishwa na kuanza kutumika tarehe 8 Desemba 2021, zinasema kwenye kanuni ya 1397 kwamba anayetoa mimba, ikitoka kweli, anatengwa na Kanisa papo hapo. Ni adhabu kubwa, na wengi tunaishia hapo. Soma nyuma kidogo, kanuni ya 1323 na ya 1324. Asiyetimiza miaka 16 haadhibiwi. Aliyetimiza 16 lakini hajafika 18, adhabu ile ya papo hapo haimpati. Aliyefanya kwa kushikwa na hofu kubwa, haimpati. Ambaye bila kosa lake hakujua kwamba kuna adhabu, haimpati. Kisha kanuni ya 1329 inageuka kwa washiriki: wale ambao bila msaada wao tendo lisingefanyika, adhabu inawapata. Dhambi inabaki dhambi na inahitaji kitubio, hilo halibadiliki. Lakini weka pamoja kanuni hizo zote na umfikirie binti wa miaka 17 aliyeambiwa na baba yake kwamba akizaa asikanyage tena nyumbani, na mwanaume aliyelipa kwa utulivu akijua anachokifanya. Kanisa lina uwezekano mkubwa wa kumwachia binti na kumwadhibu mwanaume. Serikali inafanya kinyume chake.

Evangelium Vitae yenyewe, namba 59, inamtaja baba wa mtoto kwanza kati ya wanaobeba lawama: yule anayemshinikiza mwanamke, na yule anayemwacha peke yake na mzigo. Inawataja ndugu na marafiki. Inawataja watunga sheria. Namba 99 inazungumza na mwanamke aliyekwisha kutoa mimba, na inamwambia asikate tamaa, kwamba Mungu Baba yuko tayari kumsamehe. Tarehe 20 Novemba 2016 Papa Fransisko akawapa mapadre wote mamlaka ya kumwondolea dhambi hiyo, bila kusubiri askofu. Paroko wa Majengo au wa Kiboriloni anaweza kufanya hivyo Jumamosi jioni, kabla ya Misa ya Jumapili. Nashangaa ni wanawake wangapi wa parokia zetu hawajawahi kuambiwa.

Na wala hoja ya kutomfunga mwanamke si ya watu wanaotafuta upenyo. Mei 2022, wakati Marekani inasubiri Mahakama Kuu yao ifute hukumu ya Roe ya mwaka 1973, iliyoruhusu utoaji mimba, mashirika makubwa kabisa yanayopinga utoaji mimba, likiwemo National Right to Life, yaliwaandikia wabunge wa majimbo barua ya wazi. Walisema hawaungi mkono sheria yoyote inayomfanya mwanamke kuwa mhalifu. Watu waliopigania katazo kwa karibu miaka 50, na wako wiki chache kabla ya kulipata, wanasema mwanamke aachwe. Majimbo mengi yaliyokataza baada ya Juni 24 mwaka huo yakamwandikia kinga. Sisi tunashangilia ushindi wao kwenye makundi yetu ya simu, lakini hilo hatulisambazi.

Nije kwenye Maputo, maana siwezi kulikwepa. Mkataba huo ulipitishwa mwaka 2003, Tanzania ikauridhia mwaka 2007. Ibara ya 14 inataka utoaji mimba uruhusiwe kwa aliyebakwa, aliyezalishwa na ndugu, na pale mimba inapohatarisha afya ya mama, ya mwili au ya akili, au maisha yake au ya mtoto. Wanaharakati wana haki ya kuuliza kwa nini tuliridhia kisha hatukutekeleza. Jibu langu ni kwamba kwenye jambo hilo tusitekeleze. Mtoto aliyepatikana kwa kubakwa hakubaka mtu. Najua uzito wa kumwambia hivyo msichana aliyeumizwa, nimekaa na wasichana hao, na simwambii mtu yeyote kwamba ni jambo jepesi. Lakini siwezi kusema mtu ni mtu kutegemeana na baba yake alimpataje.

Ila mwenye kusema hivyo ana wajibu wa kumtafuta mbakaji, na hapo sisi wa Kilimanjaro hatuko salama. Sheria ipo: tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 kubaka ni miaka 30 mpaka maisha, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Kesi ngapi zinafika mwisho? Nimeona jani la sale likiletwa na wazee wa upande wa kijana, na mbuzi, na pombe ya mbege, wakaombwa radhi baba na babu wa binti, wakapokea, maana kwetu kukataa sale ni jambo zito. Ukoo umepatana. Binti alikuwa jikoni anapika kwa ajili ya wageni. Shahidi hakutokea mahakamani tena, na kesi ikafutwa. Mila yetu ya kuombana radhi naipenda, imeokoa koo nyingi zisimwagane damu, lakini wazee hawana haki ya kupokea radhi isiyo yao. Tukitaka kumwambia aliyebakwa amzae mtoto wake, tuanze kwa kukataa mbuzi huyo.

Kuna nchi iliyotangulia kwenye njia yetu. Ni Ireland, na si ya mbali na sisi kama mtu anavyoweza kudhani: Askofu Joseph Byrne, aliyeliongoza Kanisa la Kilimanjaro kuanzia mwaka 1932 na akawa askofu wa kwanza wa Jimbo la Moshi lilipoundwa 1953, alikuwa Mwairishi wa Shirika la Roho Mtakatifu. Sehemu ya Ukatoliki wetu, pamoja na aibu yetu kuhusu wasichana, imepita mikononi mwa watu wa kwao.

Mwaka 1983 Waairishi walipiga kura na kuandika kwenye katiba haki ya kuishi ya mtoto ambaye hajazaliwa, kwa kura mbili kati ya tatu. Mwaka 2018 walipiga kura tena na kuifuta, kwa kura mbili kati ya tatu. Nimejiuliza sana nini kilitokea katikati. Moja ni kifo cha Savita Halappanavar, mwaka 2012 huko Galway, ambaye mimba yake ya wiki 17 ilikuwa inaharibika na hospitali ikachelewa kuchukua hatua mpaka sumu ikaenea mwilini. Nimesema hapo juu kwamba mama anayekufa anatibiwa. Pale hofu ya sheria na ucheleweshaji vilishinda.

Lingine ni la zamani zaidi. Wasichana wa Ireland waliopata mimba nje ya ndoa walipelekwa kwenye nyumba maalumu, nyingi zikiendeshwa na masista. Walifanyishwa kazi, watoto wakachukuliwa. Kwenye nyumba ya Tuam mtafiti wa historia ya eneo hilo, Catherine Corless, alitafuta hati za vifo na kukuta watoto 796 waliokufa kati ya 1925 na 1961, bila kumbukumbu za walipozikwa. Mwaka 2017 tume ya serikali ilithibitisha mabaki ya watoto wadogo kwenye eneo la nyumba hiyo, ndani ya vyumba vya chini ya ardhi. Ripoti ya mwisho ya Januari 2021 ilihesabu watoto wapatao 9,000 waliokufa kwenye nyumba 18 zilizochunguzwa.

Hao ni watoto waliozaliwa. Mama zao hawakutoa mimba. Walifanya kile ambacho Kanisa liliwaambia wafanye, na Kanisa hilohilo likawatendea hivyo. Askofu wa Ireland aliposimama mwaka 2018 kusema kila mtoto ni wa thamani, alisema ukweli mtupu, na watu wakamtazama wakaikumbuka Tuam. Sijui hoja ambayo ingeweza kuvuka hapo. Nadhani kura ile ilipotea zamani, kwenye miaka ile ya 1950, msichana mmoja mmoja.

Kwetu hakuna Tuam, namshukuru Mungu. Lakini ninajua parokia ambako binti wa kwaya akionekana ana tumbo anaondolewa kwaya wiki hiyohiyo, na kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga kinanda. Ninajua mtoto aliyekataliwa ubatizo mpaka bibi yake alipokubali kumwombea kama wake. Ninajua shule ya kanisa, siitaji, ambako wasichana wanapimwa mimba kila wanapotoka likizo na anayekutwa nayo anafungishwa sanduku, hata baada ya serikali kutangaza Novemba 2021 kwamba binti aliyejifungua aruhusiwe kurudi darasani. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 mpaka 19 wameshawahi kupata mimba. Zaidi ya mmoja kati ya watano, na wengine wanaimba nyimbo za Bikira Maria mbele yetu. Binti huyo akipiga hesabu usiku, anaona hivi: nikizaa, kila mtu atajua, nitatoka shuleni, nitatoka kwaya, baba atanifukuza, nikitoa, huenda hakuna atakayejua. Sisi ndio tumemwandikia hesabu hiyo.

Desemba 2023 ofisi ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani ilimjibu askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika, aliyeandika akiwa na huzuni kwamba mama wasio na waume kwenye jimbo lake wanaacha kukomunika kwa kuogopa maneno ya padre na ya jumuiya. Kardinali Fernández alimjibu kwamba mwanamke aliyechagua kumzaa mtoto wake kwenye mazingira magumu anapaswa kutiwa moyo aikaribie sakramenti, akishaungama kama Mkristo mwingine yeyote. Nilisoma jibu hilo kwenye jumuiya yetu Jumamosi moja asubuhi, baada ya rozari. Palikuwa kimya, kisha bibi mmoja akasema kwa sauti kwamba yeye alikaa miaka mingi bila kukomunika kwa sababu ya mtoto wake wa kwanza, na kwamba mtoto huyo ndiye anayemlisha sasa.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki. Vifungu vya 150 na 152 vibaki, na vitumike kwelikweli kwa wanaofanya biashara ya jambo hili. Kifungu cha 151 kiandikwe upya kwamba mwanamke mwenyewe hatashtakiwa, na kwamba anachokisema hospitalini hakitatumika dhidi yake. Kiongezwe kosa linalomlenga anayemshinikiza au kumlipia mwanamke atoe mimba, mume, bwana, mzazi au mwalimu, lisimame lenyewe kwa jina lake na adhabu yake, badala ya kujificha kwenye kifungu cha jumla cha washiriki. Maaskofu wetu wanasikilizwa na serikali kwenye mambo makubwa kuliko haya. Walei tukiwaandikia kutoka parokiani, kupitia WAWATA na UWAKA, chama cha wanaume, watakuwa na cha kupeleka mbele.

Rafiki yangu wa WAWATA, mama ninayemheshimu sana, amenipinga, na hoja yake ndiyo nitakayokutana nayo kila mahali. Anasema ukiondoa kifungo umetoa ruhusa. Wasichana watasema si kosa tena. Nilimjibu kwa sheria ileile ya elimu. Mwanaume akimpa mimba mwanafunzi anafungwa miaka 30, mwanafunzi hafungwi hata siku moja, na hakuna mtu Moshi nzima anayesema kwamba kwa hiyo serikali imeruhusu wanafunzi kupata mimba. Aliyesafirishwa na kuuzwa kwa kazi za ndani hashtakiwi, na usafirishaji wa binadamu haujawa halali. Katazo linaweza kusimama imara huku likichagua nani wa kumpeleka gerezani na nani wa kumpeleka hospitali.

Hajakubali bado. Ana binti watatu, na anaogopa kama ninavyoogopa mimi. Ameomba nimpelekee vifungu vyenyewe avisome na mumewe, pamoja na zile kanuni za Kanisa, kabla ya kikao cha parokia. Nimeshavichapisha.